Chanzo cha Vyote na Tatizo la Neno "Nafsi": Somo la Uddalaka kwa Mwanawe

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema kuuliza chanzo: ngano hii imetoka wapi, utenzi huu ulitungwa na nani, neno hili limekopwa kutoka lugha gani. Tumelizoea swali hili kiasi kwamba ni nadra kujihoji tunatarajia jibu la aina gani. Wanafikra wa kale wa India waliliuliza kuhusu ulimwengu wote kwa jumla. Upanishadi iitwayo Shvetashvatara hufunguka kwa watafutaji wanaohojiana juu ya kisababishi cha vyote. Wanayataja majibu yaliyokuwa yakitolewa zama hizo, yakiwemo wakati, maumbile ya vitu, lazima na bahati tu, na wanayaona yote kuwa hayatoshi.

Makala haya yanajishughulisha na jibu moja tu, lile lililomo katika sura ya 6 ya Chandogya, Upanishadi ya zamani zaidi ambayo wasomi wengi huikadiria kuwa ya karne ya 7 au ya 6 K.K. Hoja yangu ni kwamba katika sura hiyo swali la chanzo halijibiwi kwa kurudi nyuma hadi mwanzo wa wakati, bali hugeuka na kumrudia yule aliyeuliza. Mgeuko huo umebebwa na sentensi moja fupi ambayo sarufi yake imebishaniwa kwa karne nyingi, na yeyote anayejaribu kuileta sentensi hiyo katika Kiswahili hujikuta ameingia katika ubishi huo, apende asipende. Nilijikuta humo nilipokuwa nikiandaa wasilisho la semina, nikidhani kwamba kazi yangu ni ya kutafsiri tu.

Udongo na mfinyanzi

Kisa chenyewe ni chepesi. Shvetaketu, mwana wa Uddalaka Aruni, alipelekwa kwa mwalimu akiwa na umri wa miaka 12, akarudi nyumbani akiwa na miaka 24. Alikuwa amezisoma Veda zote na kichwa kimemvimba. (Sisi tuliowahi kurudi nyumbani na shahada ya kwanza mkononi tunamfahamu kijana huyu vizuri.) Baba hakumpima kwa aliyoyasoma. Alimwuliza kama aliwahi kuomba afunzwe lile jambo ambalo mtu akilijua, hata asiyoyasikia huwa kana kwamba ameyasikia, na asiyoyafahamu huwa ameyafahamu. Kijana hakuwahi kulisikia.

Hapo Uddalaka anatoa mfano wa udongo. Ukilijua bonge moja la udongo umevijua vyombo vyote vya udongo, kwa kuwa tofauti ya chungu na mtungi ni umbo lililopewa jina. Anafanya vivyo hivyo kwa madini. Mfano huu tusiupite haraka, maana ndani yake mna uteuzi ambao ni rahisi kutouona. Tukiulizwa chanzo cha chungu, wengi wetu tutamtaja mfinyanzi. Hata methali yetu ya mfinyanzi kulia gaeni humtazama mtu, haiutazami udongo. Mfinyanzi yuko nje ya chungu. Akishamaliza kukifinyanga aweza kwenda zake, au afe, na chungu kikabaki. Udongo hauwezi kuondoka. Uddalaka anatafuta chanzo cha namna hii ya pili, chanzo kisichoachana na kilichotokana nacho, na hilo humweka mbali na hoja ya Aristotle juu ya msukumaji wa kwanza asiyesukumwa, ambaye ni tofauti na vyote avisukumavyo.

Chanzo hicho anakiita Kuwako: kimoja tu, bila cha pili. Anawakosoa waziwazi wale waliodai kuwa mwanzoni palikuwa na kutokuwako, akihoji itawezekanaje kilichopo kitoke katika kisichokuwapo. Baadaye hoja hii ilizaa mgogoro mkubwa baina ya madhehebu ya falsafa ya India. Wafuasi wa Samkhya, ambao mafundisho yao yalifupishwa katika beti za Ishvarakrishna, walishikilia kuwa tokeo limo tayari ndani ya kisababishi chake. Mafuta hukamuliwa katika ufuta, hayakamuliwi katika mchanga. Wanamantiki wa Nyaya walipinga na kusema kuwa chungu ni kitu kipya kabisa, kwani kabla hakijafinyangwa hakuna awezaye kutekea maji. Sioni haja ya kuingia katika mabishano hayo hapa, ingawa nakiri kuwa hoja ya Nyaya ina nguvu kuliko wanavyokubali washabiki wa Upanishadi.

Mahali ambapo swali hukoma

Ili tuone Uddalaka alifanya nini, tumweke karibu na mwanamke mmoja mdadisi wa Upanishadi nyingine, Brihadaranyaka. Katika mashindano ya hoja kwenye baraza la mfalme Janaka wa Videha, Gargi alimkabili Yajnavalkya kwa maswali ya mfumaji: ikiwa ulimwengu huu umefumwa juu ya maji kama mtande na mshindio, maji nayo yamefumwa juu ya nini? Kila alipojibiwa alipanda ngazi nyingine, ulimwengu baada ya ulimwengu, mpaka Yajnavalkya akamwonya asiulize kupita kiasi, kichwa kisije kikamwanguka. Gargi akanyamaza.

Wapo wanaolisoma onyo hilo kama ubabe wa mwanamume aliyeishiwa na majibu. Huenda. Lakini Gargi hakushindwa, kwani alisimama tena baadaye na maswali mawili aliyoyafananisha na mishale. Safari hii alipewa jibu la aina nyingine kabisa. Kile ambacho vyote vimefumwa juu yake hakina umbo wala kipimo, hakionekani lakini ndicho kionacho, hakisikiki lakini ndicho kisikiacho. Jibu hilo si ngazi ya juu zaidi katika zile ngazi za awali. Yajnavalkya ameacha kupanda, akamgeukia yule anayeona na kusikia.

Uddalaka anafika hapo hapo kwa njia ya upole zaidi, naye ni mwalimu wa vitendo kabla ya kuwa mwalimu wa nadharia. Anamwamuru mwanawe akae siku 15 bila chakula, anywe maji tu. Siku zikiisha anamtaka akariri Veda, na kijana hakumbuki kitu. Anapokula, kumbukumbu inarudi kama moto uliochochewa kutoka kaa dogo lililosalia. Akili iliyojivunia elimu ya miaka 12 imeonyeshwa kuwa inategemea chakula, chakula hutegemea maji, maji hutegemea joto, na joto hutegemea Kuwako. Kisha anamtuma alete tunda la mti mkubwa wa jamii ya mtini. Alipasue. Apasue na mbegu yake. Ndani ya mbegu kijana haoni chochote, na baba anamwambia kuwa mti ule mkubwa umesimama kwa sababu ya huo wembamba asiouona. Usiku anamtaka atie chumvi katika maji. Asubuhi chumvi haionekani wala haishikiki, lakini kila anapoonja, upande huu, katikati na upande ule, ni chumvi.

Sentensi ya maneno matatu

Baada ya mfano wa mbegu, baada ya chumvi, na katika mifano mingine, jumla mara tisa, Uddalaka anarudia maneno yale yale: huo wembamba ndio uhalisi wa vyote, ndio atma. Kisha inafuata sentensi ya maneno matatu ya Kisanskriti: kiashiria, kiwakilishi cha nafsi ya pili umoja, na kitenzi kishirikishi. Mtoto aliyeulizwa habari za chanzo cha ulimwengu anaambiwa kuwa ni yeye.

Au sivyo? Kiashiria kile ni cha jinsia isiyo ya kiume wala ya kike, ilhali Shvetaketu ni mwanamume. Mnamo 1986 Joel Brereton alichapisha makala akionyesha kuwa katika Kisanskriti cha zama hizo, sentensi ya kulinganisha vitu viwili ingehitaji upatanisho, kwa hiyo kiashiria kingepaswa kuwa cha jinsia ya kiume. Kwa kuwa sivyo, alikisoma kama kielezi cha namna: Shvetaketu haambiwi kuwa yeye ndiye kitu fulani, bali kwamba naye yuko kwa namna ile ile ambavyo mti na maji ya chumvi viko. Patrick Olivelle aliufuata usomaji huo katika tafsiri yake ya Kiingereza ya 1996.

Wahindi wenyewe walikuwa wamebishana kitambo. Shankara, ambaye kwa kawaida huwekwa katika karne ya 8, aliona hapa umoja kamili wa mtu na chanzo, na kwake ujinga wa kutojua hivyo ndio kifungo cha binadamu. Ramanuja, katika karne ya 11 na ya 12, alikubali umoja lakini si wa kufutana: mtu ni kama mwili, na Mungu ndiye aliye ndani ya mwili huo. Madhva wa karne ya 13 alikwenda mbali zaidi. Katika Kisanskriti irabu za maneno yanayofuatana huungana, kama wa- na -ingi vinavyotupa "wengi" katika Kiswahili. Madhva akasema kuwa kati ya neno atma na kiashiria pamefichika irabu ya ukanushi iliyomezwa na irabu ya mwisho ya atma. Sentensi ile ile, kwa sauti zile zile, ikawa inamwambia Shvetaketu kuwa yeye si hicho. Wasomi wengi wa leo hawaukubali ugawaji huo wa maneno, nami naona umelazimishwa, lakini ni mfano mzuri wa wokovu wa mtu kuning'inia kwenye kanuni ya fonolojia.

Sasa njoo kwenye Kiswahili. Lugha yetu haituruhusu kukwepa. Tukiandika "wewe ndiwe huyo", tumekitia chanzo katika ngeli ya A-WA na msomaji ataelewa kuwa ni mtu, au Mungu mwenye nafsi kama Ramanuja alivyotaka. Tukiandika "wewe ndiwe hicho", tumekifanya kitu miongoni mwa vitu, hali Uddalaka amejitahidi usiku na mchana kuonyesha kuwa si kitu kimoja kati ya vingi. "Ndivyo ulivyo" hutupa usomaji wa Brereton bila taabu yoyote, kwa ule urejeshi wa namna ambao Kiingereza hakina. Ngeli tunazozikariri kwa ajili ya mtihani zimegeuka kuwa msimamo wa kifalsafa.

Nafsi, roho au mwenyewe

Tatizo la pili ni neno atma lenyewe. Nilipowasilisha rasimu yangu ya kwanza nilikuwa nimeandika "nafsi" kila mahali. Mwenzangu mmoja, mzaliwa wa pwani, aliinua mkono akauliza: itakuwaje chanzo cha vyote kiwe nafsi, ikiwa nafsi ndiyo tuliyofunzwa tangu utotoni kupambana nayo? Alikuwa na haki. Katika mafunzo ya Kiislamu yaliyolea ushairi wetu mkongwe, nafsi humvuta mtu kwenye matamanio, na mtu mwema huionya, kama vile Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anavyouonya moyo wake katika Al-Inkishafi. Neno "ubinafsi" nalo halina sifa njema popote. Tukikimbilia "roho", msomaji wa Bibilia ataingiza Roho Mtakatifu mahali ambapo hayupo.

Hata hivyo "nafsi" ina jambo moja ambalo nalithamini. Katika Kisanskriti atma ni istilahi ya falsafa na pia ni neno la kawaida la kujirejelea, kama tusemavyo "yeye mwenyewe". Nafsi ya Kiarabu hutumika vivyo hivyo, nasi tumeirithi hata katika sarufi: nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Swali la Uddalaka laweza kusemwa kisarufi kabisa. Ni nani aliye nyuma ya nafsi ya kwanza?

Kiambishi -ji- nacho kina mtego wake. "Kujijua" hufanana na "kujiosha", na katika kujiosha mkono huosha mwili, sehemu moja ikiitenda nyingine. Yajnavalkya alimwuliza mkewe Maitreyi mtu atamjua kwa kitu gani yule ambaye ndiye ajuaye. Akijulikana kama kitu, keshakoma kuwa mjuzi. Buddha, aliyekuja katika mazingira yale yale ya mjadala, alitazama mahali hapo hapo na kufundisha kuwa hakuna atma ya kudumu, ni mfululizo tu wa mambo yanayosababishana. Kwa upande mwingine Ramana Maharshi (1879–1950), ambaye mnamo 1896 akiwa kijana wa miaka 16 alishikwa na hofu ya kifo mjini Madurai, alilifanya swali "mimi ni nani?" kuwa njia nzima ya maisha. Hakutaka lijibiwe kwa maneno. Kila wazo lilipozuka alitaka liulizwe limemzukia nani, na aliyejitaja kuwa "mimi" afuatwe hadi anakotokea. Ni lile swali la chanzo, likiulizwa kuanzia ndani.

Katika rasimu ninayoiandika sasa nimebakiza "atma" pale Uddalaka anapofundisha, na "mwenyewe" pale neno linapotumika kwa maana ya kawaida. Kwa ile sentensi ya mara tisa nimeandika "wewe ndiwe hicho", kwa kuwa naona "hicho" kinamshtua msomaji kama kiashiria kile kilivyopaswa kumshtua Shvetaketu. Mhadhiri anayenisimamia anapendelea "ndivyo ulivyo". Ameniandikia pambizoni kwa kalamu nyekundu kwamba nimtetee Shankara kwa sarufi, nisimtetee kwa mapenzi, nami bado sijamjibu.