Nimesaini Mifuko ya Saruji Nisiyoiona

Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 36, elimu yangu darasa la saba. Mwaka jana kwenye mkutano wa wazazi nilichaguliwa kuingia kamati ya shule ya msingi anakosoma mwanangu wa darasa la nne. Sikuomba. Mama mmoja alinitaja, wengine wakapiga makofi, nikaona haya kukataa.

Kijiji chetu kilijenga boma la darasa kwa nguvu za wananchi. Tulisomba mchanga na kuchota maji mpaka likafika usawa wa lenta, likakaa miaka miwili linaota majani. Mwaka huu zikaja shilingi milioni 12.5 za kulimalizia, na mimi nikawekwa kamati ya mapokezi. Siku moja mwalimu mkuu alinifuata kwenye cherehani na fomu ya mifuko 60 ya saruji. Asubuhi ile nilikuwa nimepita stoo nikahesabu 38. Nilipomwambia akajibu, "Mama, mingine inakuja kesho, gari limeharibika. Halmashauri wanataka nyaraka leo." Nikasaini. Hii ni wiki ya tatu, na mifuko 22 sijaiona.

Mume wangu anasema nijiuzulu, kwamba kazi hii haina posho na itanipeleka jela. Nikimuuliza mwalimu naogopa mwanangu ataonewa. Usiku sipati usingizi. Nifanye nini?

Fundi Cherehani, Morogoro

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na nakujibu kwanza lile la kujiuzulu, kwa sababu ndilo linalokuvuta zaidi. Usijiuzulu sasa. Ukiandika barua ya kuacha leo, wewe utatoka lakini saini yako itabaki kwenye jalada la shule, ikisema umepokea mifuko 60. Atakapokuja mkaguzi wa ndani wa halmashauri, atakuta jina la mtu aliyesaini kisha akakimbia, na wewe hutakuwepo kwenye kikao kueleza ilivyokuwa. Ukiwa bado mjumbe, una haki ya kuingia stoo, kuomba daftari na kuuliza.

Nakwambia haya kwa uchungu, kwa kuwa yalinipata. Miaka ya mwanzo ya MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, nilikuwa mjumbe wa kamati katika shule moja ambayo sitaitaja. Uliletwa mzigo wa madawati 50. Nilikuwa nawahi basi, nikasaini getini kwamba yamepokelewa yakiwa katika hali nzuri, na sikuinua hata dawati moja. Mbao zilikuwa mbichi, misumari haikushika. Kabla muhula haujaisha watoto wa darasa la pili walikuwa wamerudi kukaa chini. Nilipokwenda kulalamika nilionyeshwa karatasi yenye saini yangu, nikakosa la kusema. Nikaacha kamati kwa aibu, na hadi leo najuta kwamba niliacha badala ya kubaki na kudai madawati yarudishwe kwa fundi.

Sasa, kabla hujamwita mtu mwizi, jua na upande wa mwalimu mkuu. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 Juni, na fedha ya ujenzi isiyotumika kwa wakati inaweza kurudi hazina. Walimu wakuu wengi hubanwa kwa simu na ujumbe kutoka halmashauri: leteni nyaraka, leteni picha. Inawezekana kweli gari liliharibika, mwenye duka akalipwa mifuko 60 na bado anadaiwa 22. Inawezekana pia mifuko hiyo inajenga nyumba ya mtu. Mimi sijui, wala wewe hujui, na ndiyo maana jambo la kwanza ni kuhesabu.

Usiende peke yako. Mchukue mjumbe mwenzako wa kamati ya mapokezi, mwende stoo mchana, watu wakiona. Hesabuni iliyopo, muombe daftari la stoo muone imetoka mingapi kwenda kwa fundi. Kisha nendeni kwa fundi mwenyewe, mumuulize amechanganya mifuko mingapi kwenye sakafu na plasta. Fundi ujenzi anajua hesabu yake kama wewe unavyojua vifungo vya shati. Jumla ya hayo mawili mtailinganisha na ile 60. Andika tarehe na namba kwenye daftari lako, mwenzako aweke saini.

Baada ya hapo mfuate mwalimu mkuu ofisini, kwa heshima, mkiwa wawili. Mwambie: "Mwalimu, nilisaini mifuko 60 kwa ahadi yako. Tumehesabu, ipo pungufu. Naomba tuwasiliane na mwenye duka, na jambo hili liingie kwenye muhtasari wa kikao cha kamati." Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati, kwa hiyo muhtasari anauandika yeye. Usisaini muhtasari huo mpaka usomwe mbele yenu na uone hesabu ya mifuko imo. Kama ni gari, saruji italetwa, na mwalimu huyo atakushukuru kwa kumtoa kwenye matatizo. Akikwepa, mwone mwenyekiti wa kamati, kisha Afisa Elimu Kata, kisha ofisi ya mkurugenzi, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Mlango wa mwisho ni TAKUKURU, simu 113, haitozwi. Nenda hatua kwa hatua, lakini usisimame katikati.

Kuhusu mwanao, hofu yako ni ya mama yeyote na siidharau. Kinga yake ni hiyo ya kutokuwa peke yako. Mzazi mmoja akiuliza huonekana mkorofi. Kamati ikiuliza kwenye kikao, na majibu yakaandikwa, hakuna mtoto wa kulipiziwa. Zungumza pia na mwalimu wake wa darasa, mjuane vizuri. Walimu wengi wa kawaida wanachukia upungufu huo kuliko wewe, maana ndio wanaofundisha watoto waliobanana.

Unasema elimu yako ni darasa la saba, kama kwamba ni kosa. Sheria ya Elimu ya 1978 ilipoweka kamati katika kila shule ya msingi, haikutafuta wahasibu. Ilitaka shule iwe na macho ya watu wanaoishi nayo. Na leo kazi hiyo ni kubwa zaidi. Tangu Januari 2016, mpango wa elimu bila ada ulipoanza, ruzuku ya uendeshaji hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango cha shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 kati yake zikifika shuleni. Shule yenye watoto 800 ni milioni 4.8. Ongeza ujenzi wa fosi akaunti, ambapo shule yenyewe hununua vifaa na kuajiri mafundi wa mtaani badala ya kumpa kazi mkandarasi. Fedha yote hiyo inapita mikononi mwa mwalimu mkuu na nyinyi wazazi msiolipwa.

Mteja akikuletea kitenge akasema ni yadi 6, wewe hukipokei kwa kuambiwa. Unakikunjua, unakipima, unamwandikia. Hiyo ndiyo kamati ya mapokezi. Fomu ikiwa na Kiingereza usichokielewa, sema usomewe kwa Kiswahili mbele ya mwenzako. Mzigo ukija nusu, andika nusu: "Nimepokea mifuko 38," tarehe, jina, saini. Iliyobaki ikija, utaandika fomu nyingine. Hakuna halmashauri inayoweza kukushtaki kwa kuandika ulichokiona.

Mume wako msikilize. Hofu yake ina msingi, na yeye ndiye anayeona vitambaa vya watu vimelala mezani siku za kikao. Mweleze kwamba kikao cha kawaida ni mara moja kila robo mwaka, na kwamba shughuli ya sasa ni ya ujenzi, itakwisha. Mwombe aje siku ya kuhesabu. Mwanamume aliyesomba mchanga wa boma lile ana haki ya kujua saruji yake iko wapi. Suala hili likiisha na ukaona huwezi tena, utaacha kwa barua nzuri, mikono mitupu na safi. Mimi natamani ubaki, kwa sababu umehesabu mifuko bila kutumwa na mtu, na wajumbe wa namna hiyo ni wachache.

Kesho asubuhi, kabla hujafungua cherehani, nenda stoo na mwenzako. Kisha niandikie mmekuta mifuko mingapi.