Matairi na Rimu za Pikapu Katika Nchi ya Chai

Pikapu inayofanya kazi Litein, eneo la Bureti katika kaunti ya Kericho nchini Kenya, hupita barabara mbili kwa siku moja. Asubuhi iko kwenye lami ya Kericho kwenda Sotik, ikikimbia na magari mengine. Saa tisa alasiri, mvua ikiwa imeshapiga, inapanda njia ya udongo mwekundu katikati ya mashamba, imebeba magunia ya majani mabichi ambayo sharti yafike kiwandani siku hiyo hiyo kabla hayajapata joto na kuharibika. Tairi laini la lami hushindwa kazi ya alasiri. Tairi la matope lenye meno makubwa huiweza, lakini asubuhi hupiga kelele, huisha upesi na huchelewa kusimama kwenye lami iliyolowa. Matairi yenye herufi A/T ubavuni, yaani ya barabara zote, yametengenezwa kwa ajili ya gari la aina hii. BFGoodrich ya Marekani ilitoa la kwake mwaka 1976, na leo karibu kila kampuni ya matairi ina lake. Tatizo ni kwamba herufi hizo mbili hazina kipimo: tairi lenye meno ya kweli na tairi la lami lililochongwa mabega kidogo yote huuzwa kama A/T.

Kwa hiyo uchaguzi uanzie kwenye udongo. Kericho hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaoweza kuitwa wa kiangazi kamili. Udongo wa Bureti na wa sehemu za juu za Bomet ni mwekundu, umetokana na miamba ya volkano, una mfinyanzi mwingi, na bado hupitisha maji vizuri. Mvua ya saa moja hulainisha sehemu ya juu tu. Ukichomeka ncha ya spana katikati ya njia baada ya mvua, itaingia kwa urahisi kiasi cha pingili moja au mbili za kidole, kisha itagonga pagumu. Hapo ndipo siri yote ilipo. Gari linaloteleza kwenye mteremko wa Litein mara nyingi halijazama. Linaelea juu ya utando wa matope kama mtu aliyekanyaga sabuni, na ardhi imara iko chini yake pale pale.

Tairi pana hugawa uzito wa gari juu ya eneo kubwa, likabaki linaelea. Tairi jembamba hukusanya uzito huo huo mahali padogo, likapenya utando na kushika chini. Ndiyo maana pikapu kuukuu ya kabini moja yenye matairi ya 205R16C hupanda kilima ambacho gari jipya lenye matairi mapana limeshindwa, na wapita njia wakadhani ni ustadi wa dereva peke yake. Ushauri huu ni wa udongo mwekundu. Anayeshuka mara kwa mara kuelekea Trans Mara na Narok, kwenye udongo mweusi unaofura na kulainika hadi chini, hukuta mambo yamegeuka: kule hakuna pagumu pa kufikia, na tairi pana lililopunguzwa upepo ndilo linalosaidia.

Baada ya upana huja nafasi kati ya meno. Pikapu ikishindwa kilima, dereva ashuke atazame gurudumu kabla ya kujaribu tena. Akikuta mifereji yote imejaa udongo, uso wa tairi umekuwa mwekundu na laini kama chungu kabla hakijachomwa, basi ajue kwamba kwa wakati huo gari lake liko kwenye matairi kipara, hata kama aliyanunua juzi. Tairi zuri hujisafisha: mifereji ya pembeni imefunguka hadi begani, inapanuka kuelekea nje, na gurudumu likizunguka udongo hurushwa. Meno ya katikati yanaweza kukaribiana zaidi kwa ajili ya lami, mradi yawe na mikato myembamba inayoshika barabara iliyolowa. Dukani, mnunuzi apitishe kidole kwenye mfereji wa begani. Kidole kikikwama kabla ya kutoka nje, udongo nao utakwama.

Alama ya M+S, inayomaanisha matope na theluji, isimshawishi mtu. Mtengenezaji huiweka mwenyewe kwa kuangalia umbo la meno, bila jaribio lolote. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndiyo hutolewa baada ya jaribio, lakini ni jaribio la theluji, na Kericho haina theluji. Tahadhari kubwa zaidi ni ya magari yaliyotoka Japani yakiwa na matairi yenye neno STUDLESS. Hayo ni ya barafu. Mpira wake ni laini mno, na kwenye lami yenye jua la mchana gari huyumba na meno huisha haraka. Yaondolewe.

Maandishi mengine ya ubavuni yasomwe yote. Kwenye tairi la 265/65R17 112S, 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 112 ni uzito: kilo 1,120 kwa tairi moja. S ni kasi isiyozidi kilomita 180 kwa saa. Kwa pikapu ya chai, namba ya uzito ni muhimu kuliko ya kasi. Ekseli ya nyuma ikibeba kilo 1,700, kila tairi linabeba 850, ambayo ni namba 102 bila nafasi yoyote ya ziada, na bado gari halijaingia kwenye shimo. Namba 110 hubeba kilo 1,060. Herufi C mwishoni, au LT mwanzoni, huonyesha tairi la gari la mizigo lenye ubavu mnene, na hilo ndilo la kutafutwa hapa, kwa sababu matairi mengi hayafi kwa kuisha meno. Hufa kwa kuchanwa ubavu na kokoto zenye ncha za moramu mpya, au na visiki vya chai iliyopogolewa pale gari linapobanwa pembeni kupisha lori la kiwanda.

Kisha tarehe. Zamani pikapu nyingi za Kenya zilivaa Yana, matairi yaliyotengenezwa Nairobi na Sameer Africa. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2016, na sasa tairi jipya la Litein limepitia bahari, bandari ya Mombasa na ghala moja au mawili, pengine likakaa kwa muda nje ya duka likipigwa na jua. Mpira huzeeka hata bila kutembea. Mwishoni mwa msururu wa herufi unaoanzia na DOT kuna tarakimu nne: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo fundi aombwe aligeuze. Tairi la miaka mitano likiwa na bei ya jipya ni afadhali liachwe hapo hapo, hasa likionyesha mipasuko midogo chini ya meno.

Wengi hutamani kuongeza kimo ili gari liinuke. Kutoka 265/65R17 hadi 265/70R17, kipenyo huongezeka kutoka milimita 776 hadi 803 hivi, yaani asilimia 3.4. Gari huinuka nusu ya tofauti hiyo tu, kama milimita 13. Spidomita ikisoma 80, gari linakwenda karibu 83. Lisilosemwa sana ni kwamba tairi refu hufanya kila gia kuwa ndefu zaidi: injini hutoa nguvu ile ile, lakini msukumo unaofika ardhini hupungua. Kwa gari tupu dereva anaweza asihisi. Kwa tani moja ya majani mabichi kwenye mwinuko wenye utelezi, klachi huhisi. Saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva inatosha kwa kazi hii.

Kuhusu rimu, mvuto wa macho umewagharimu wenye pikapu fedha nyingi, akiwemo mwandishi wa makala haya, aliyepasua rimu mbili za aloi za inchi 20 katika msimu mmoja wa mvua. Rimu kubwa huacha ubavu mfupi wa tairi, na ubavu ndio unaomeza shimo. Rimu ya chuma ya inchi 16 au 17 ikigonga hupinda, na fundi wa kando ya barabara huinyoosha kwa nyundo hadi ishike upepo tena. Aloi hupasuka, na ufa uliochomewa kienyeji hauaminiki. Aloi ni nyepesi na hainyanyasi springi, hilo ni kweli. Lakini kwa gari la kazi huku, chuma kinashinda.

Rimu kuingia kwenye boliti si ithibati kwamba inafaa. Hilux, D-Max na L200 kwa kawaida zina boliti sita kwenye duara la milimita 139.7, Navara ya D40 na D23 ina sita kwenye 114.3, na Land Cruiser 79 ina tano kwenye 150. Lakini tundu la katikati la Hilux ni milimita 106 na la L200 ni 67. Rimu ya L200 haiingii kabisa kwenye habu ya Hilux. Ya Hilux huingia kwenye L200 na nati zikafungwa, ila habu haigusi kitu, na usukani hutetemeka mpaka ipatikane pete ya kujaza nafasi hiyo. Nati nazo zina namna zake. Aloi asilia ya Toyota hutumia nati yenye washa bapa, ilhali rimu za chuma na aloi nyingi za madukani hutumia nati yenye ncha ya pia. Zikichanganywa hushika kwa ukingo mwembamba tu na kulegea njiani. Herufi ET, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaofungwa kwenye habu, nayo itazamwe: Hilux hutoka na 30. Rimu ya upana ule ule yenye ET 0 husogeza kila gurudumu nje kwa sentimita tatu, ikaelemea beringi, ikagusa madigadi kwenye kona, na kupaka milango matope.

Upepo ujazwe asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kipimo cha kibandiko, na zaidi kwa mzigo kama kibandiko kinavyoelekeza. Ule uwezo wa kilo 1,060 wa namba 110 hupatikana tu tairi likiwa na presha kamili iliyoandikwa ubavuni. Kupunguza upepo ili kupita matope hufaa kwa gari tupu linalokwenda polepole, na pampu iwe ndani ya gari, kwa sababu kurudi kwenye lami na tairi lililopunguzwa upepo huchemsha ubavu hadi upasuke.

Baada ya kufunga magurudumu mapya, nati zikazwe tena gari likishatembea kilomita 80 hadi 100. La tano lisisahauliwe. Pikapu nyingi hazina difu ya katikati, hivyo likifungwa spea la kipenyo tofauti na magurudumu yote manne yakaunganishwa, ekseli ya mbele na ya nyuma huvutana hadi gia zikwame. Spea liwe saizi ile ile, na siku ya kununua literemshwe kutoka chini ya bodi kwa winchi yake, kwa sababu huku mnyororo wa winchi hiyo hushikwa na udongo na kutu, na usipoachia kwa fundi hautaachia kilimani.