Safari ya Mafunzo Isiwe Matembezi

Wahenga walisema kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Hatuwapingi. Lakini mwanafunzi aliyepelekwa safari ya mafunzo, akarudi na habari za basi na soda tu, ametembea bure kweli, na fedha ya mzazi imepotea. Twapenda leo kusema neno juu ya jambo hili na walimu na wazazi wa Rungwe, kwa maana wilaya yao ni darasa kubwa lisilo na kuta.

Kwanza, tuutazame Mlima Rungwe. Msitu wake ulifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2009, nao watunzwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Kama mlima ungekuwa mtupu, maji hayo yangeteremka kwa haraka pamoja na udongo. Lakini majani ya miti hupunguza nguvu za matone, na mboji huyanywa maji, kisha huyaachia polepole vijitoni. Kwa njia hiyo mito kama Kiwira, upitao chini ya Daraja la Mungu na kuingia Ziwa Nyasa, hupata maji hata mvua zikikatika. Basi mwanafunzi asiambiwe tu, ajaribu mwenyewe. Atie udongo katika sinia mbili, moja aifunike kwa majani makavu, aziinamishe, azimwagie maji sawasawa, kisha alinganishe rangi ya maji yanayotoka. Hatasahau.

Pili, tumkumbuke kipunji. Mwaka 2003 wataalamu wa wanyama, wakiwahoji wenyeji wa mlimani, walisikia habari za kima ambaye hakuwamo katika vitabu vyao. Wakamtafuta, wakamwona. Walimtangaza mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jina la kitaalamu, Rungwecebus kipunji. Elimu hiyo iliyosifiwa duniani ilianzia kinywani mwa Wanyakyusa. Kwa hiyo, kabla ya safari, kila mwanafunzi amwulize babu au bibi yake: Chemchemi zipi zimekauka tangu ujana wako? Miti ipi haionekani tena?

Tatu, si lazima kwenda mbali. Rungwe ina wafugaji wengi wanaolisha ng'ombe wa maziwa zizini, karibu na migomba. Penye mtambo wa gesi ya samadi pana somo zima. Samadi huchanganywa na maji na kufungiwa pasipo hewa. Vijidudu huiozesha, gesi ikatokea ya kuwasha jiko, na tope linalosalia ni mbolea ya mgomba. Mama apikaye hivyo hupunguza safari za kutafuta kuni.

Mahali kama hapo watoto huenda kwa miguu, wala hapana nauli. Jambo hili si dogo. Mtoto wa maskini akiachwa shuleni siku ya safari kwa kukosa mchango, tumemfundisha kwamba msitu ni mali ya wenye fedha. Naye huyo ndiye kesho atakayeitwa kupasua mbao kwa siri au kuchoma mkaa ili apate chakula. Tutamlaumu kwa haki gani, ikiwa tulimnyima somo?

Basi twawasihi walimu: safari iwe na swali kabla ya kuondoka, daftari njiani, na kazi baada ya kurudi. Darasa lipande miti ya asili kando ya chemchemi ya kijiji, wala si mikaratusi inywayo maji mengi, na lipokezane kuitunza mwaka hata mwaka. Nanyi wazazi, mtoto akirudi, msimwulize tu ameona nini. Mwulizeni: Sasa tufanye nini hapa kwetu?