Mfumo Ndani ya Mfumo: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Hitilafu

Kompyuta haiwezi kufanya kazi bila mfumo endeshi, yaani programu kuu inayogawa kumbukumbu, diski na muda wa prosesa kwa programu nyingine zote. Hata hivyo, mfumo wa pili unaweza kuendeshwa ndani ya ule wa kwanza, mathalani Linux ndani ya Windows. Mfumo wa nje huitwa mwenyeji, na wa ndani huitwa mgeni. Mgeni hujiona kana kwamba ana mashine yake, kumbe diski yake ni faili moja kubwa tu katika diski ya mwenyeji.

Fikra hii ni ya zamani. Mwaka 1972 kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wa VM/370, ili mashine moja ya gharama kubwa iwahudumie watu wengi, kila mmoja akiwa kama mwenye mashine yake. Uhaba huo haujakwisha. Tuchukue mfano wa shule ya kijijini, tuseme huko Busawe mkoani Mara, yenye kompyuta moja ya Windows. Kwa programu ya VirtualBox, ambayo hupatikana bila malipo, wanafunzi wanaweza kujifunza Linux pasipo kuifuta Windows.

Hatari huja mgeni anapokataa kuwaka. Palipo mbali na fundi, mtu hushawishika kumfuta mgeni na kuanza upya. Na hapo kazi zote za wanafunzi zilizomo katika faili lile hupotea. Basi hapana budi kutafuta chanzo kabla ya kufuta chochote, kuanzia chini kwenye mashine yenyewe, na kubadili jambo moja tu kwa wakati.

1. Prosesa

Tangu miaka ya 2005 na 2006, prosesa za Intel na AMD zilianza kutengenezwa zikiwa na uwezo maalumu wa kubeba mifumo ya wageni. Mara nyingi uwezo huo huwa umezimwa. Dalili yake ni kwamba VirtualBox huonyesha mifumo ya biti 32 peke yake, au hutoa onyo lenye herufi VT-x au AMD-V. Dawa ni kuizima mashine, kuingia katika mipangilio ya BIOS wakati wa kuwaka, kuuwasha uwezo huo na kuhifadhi. Ikiwa tayari umewashwa, yamkini Hyper-V ya Windows imeutwaa. Nayo yapaswa kuzimwa.

2. Kumbukumbu

Kumbukumbu apewayo mgeni hutolewa katika ile ya mwenyeji. Mashine yenye gigabaiti 4 ikimpa mgeni 3, wote wawili hukwama. Isizidi nusu.

3. Chombo cha kuwashia

Mgeni mpya akisema kwamba hakuna chombo cha kuwashia, diski yake ingali tupu, na faili la kusimikia Linux halijaunganishwa. Liunganishwe; na usimikaji ukiisha liondolewe, lisije likaanza kazi upya juu ya diski yenye kazi za watu.

4. Diski

Faili la diski ya mgeni laweza kukua kadiri linavyojazwa. Diski ya mwenyeji ikijaa, VirtualBox humsimamisha mgeni ghafla. Huyo hajaharibika: aachwe alivyo, nafasi ipatikane katika diski ya mwenyeji, kisha aamriwe kuendelea.

Ikiwa hatua hizi hazikufaa, lisomwe faili la kumbukumbu za matukio liitwalo VBox.log, ambamo neno la hitilafu huandikwa kwa ukamilifu kuliko kwenye kioo.

Mwisho, umeme ukikatika ghafla, faili la mgeni laweza kuharibika. Kwa hiyo mgeni azimwe kwa utaratibu, kisha faili lake linakiliwe katika diski nyingine. Kuwa na nakala katika diski ile ile si kinga, kwani diski ikifa vyote hufa pamoja.

Maswali

1. Mashine ina gigabaiti 8 za kumbukumbu. Wageni wawili wanaowaka kwa pamoja wapewe kiasi gani kila mmoja?
2. Kwa nini kumfuta mgeni hakuwezi kuponya hitilafu iliyo katika mipangilio ya BIOS?