Wajibu na Haki za Baba Baada ya Talaka

Wako watu wengi mjini Mombasa wanaodhani kwamba mwanamume akiisha kumpa mkewe talaka amejivua mzigo wote wa nyumba ile, watoto wakiwamo. Wengine hudhani kinyume chake, ya kuwa baba aliyeacha mke hana tena njia ya kuwaona wanawe ila kwa hisani ya mtalaka wake. Dhana zote mbili si za kweli. Talaka huvunja ndoa, na mtoto hakuwa mmoja wa waliofunga ndoa hiyo.

Tutazame mfano. Mtu wa Kibokoni, afanyaye kazi bandarini Kilindini, amemwacha mkewe talaka moja. Wana watoto wawili: wa kiume mwenye umri wa miaka minane, na wa kike ambaye angali ananyonya. Mke amerudi kwa wazee wake huko Kuze pamoja na watoto. Je, sheria yamtaka baba huyu afanye nini?

Maadamu mke yumo edani, na talaka ni ya rejea, mume hana budi kumpa chakula na makao. Edaa ikiisha, nafaka ya mke hukoma. Nafaka ya watoto haikomi. Baba aendelee kutoa chakula, nguo, makao, dawa na karo ya skuli, wala asingoje kushitakiwa. Tena kwa ajili ya yule mchanga, Kurani katika sura ya 65, aya ya 6, imemwamuru mume ampe ujira mtalaka wake akimnyonyeshea mtoto. Wako wasemao, “Nilikwisha kumlipa mahari, ananidai nini tena?” Mahari ni haki ya mke mwenyewe, wala haihesabiwi katika riziki ya watoto.

Juu ya ulezi, madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, humtanguliza mama mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua mambo, nao hukadiriwa kuwa miaka saba. Kisha mtoto mwenyewe huulizwa amtakaye. Basi mtoto wetu wa miaka minane aweza kuulizwa, na dada yake atabaki kwa mama. Mama akiolewa na mtu asiye jamaa wa mtoto, haki yake ya ulezi huhamia kwa mwingine, na wa kwanza ni bibi mzaa mama. Wako kina baba waingojeao siku hiyo kwa hamu, wasijue kwamba aliye mbele yao ni mkwe wao.

Jambo linaloleta fitina kuliko yote ni hili. Baba asiyeonyeshwa watoto huzuia fedha, na mama asiyepewa fedha huwaficha watoto. Kisheria mambo haya mawili hayafungamani. Baba aliyenyimwa nafasi ya kuwaona wanawe aende mahakamani kudai nafasi hiyo, huku akiendelea kutoa nafaka. Na atoe kwa njia yenye kuacha alama, kama M-Pesa au risiti ya skuli, kwa sababu neno tupu halina uzito mbele ya hakimu.

Basi aende mahakama ipi? Tarehe 5 Oktoba 1963, kabla ya uhuru, Jomo Kenyatta alimwandikia Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, kumhakikishia kwamba mahakama za kadhi zitahifadhiwa. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 170, imezipa mahakama hizo mashauri ya hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi, wahusika wote wakiwa Waislamu na wakikubali kuhukumiwa huko. Mashauri ya ulezi na nafaka ya watoto yana mahakama yake pia, nayo ni Mahakama ya Watoto, iliyoko Tononoka. Majaji wa Mahakama Kuu hawakuwa na kauli moja kama kadhi aweza kuamua ulezi au sivyo. Tofauti si ndogo. Mbele ya kadhi, baba hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mama ana mshahara, kwa kuwa nafaka ni juu yake; huko Tononoka pato la wote wawili hutazamwa.

Na baba asiyemwoa mama? Hapa sheria imepinda mara nyingi. Mwaka 1959 serikali iliweka sheria iliyomruhusu mwanamke asiyeolewa kumdai fedha baba wa mtoto. Mwaka 1969 ilifutwa na Bunge ambalo halikuwa na mwanamke hata mmoja. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 nayo ilimwachia mama peke yake jukumu, mpaka baba akubali au mahakama iamuru. Kisha Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 53, ikatamka kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto Na. 29 ya mwaka 2022 ikafuata njia hiyo. Mwezi wa Juni 2025 Mahakama ya Juu ilikwenda mbele zaidi, ikaamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao Mwislamu. Uamuzi huo ulipingwa na masheikh wengi, lakini ulitolewa na mahakama ya mwisho nchini.

Amri ya nafaka ikiisha kutolewa si jambo la kupuuza. Apuuzaye bila udhuru aweza kushikiwa mali au kufungwa. Mwenye kupunguziwa kazi arudi mahakamani upesi, aombe amri ibadilishwe kabla deni halijakua. Aendaye achukue hati ya ndoa, hati ya talaka, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na risiti alizonazo. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aweza kuuliza msaada kwa Kituo cha Sheria au Muhuri, na mama kwa FIDA. Wote wana ofisi Mombasa.