Leseni za programu: unalipia wewe, lakini akaunti ni ya nani?

Kariakoo ukitaja neno leseni, kila mtu anafikiria leseni ya biashara, ile iliyobandikwa ukutani. Leo naongelea leseni nyingine: ya programu unazotumia kwenye simu na kompyuta ya biashara. Hii haibandikwi popote, ndiyo maana tunaisahau mpaka ituumize.

Mimi nauza mikoba na viatu vya kike mtandaoni, stoo ipo Mtaa wa Aggrey. Tulikuwa wanne: mimi, dada wa kujibu meseji, dogo wa matangazo na kijana wa kupeleka mizigo. Wiki mbili kabla ya Idd, dogo wa matangazo akaniaga, kapata kazi Posta. Tukaachana vizuri tu.

Kesho yake nataka kubadilisha bei kwenye tangazo, programu inadai paswedi. Kumbe akaunti aliifungua kwa barua pepe yake na namba yake ya simu. Nikampigia. Dogo wa watu alitaka kunisaidia, ila ile laini ilishapotea na paswedi ya barua pepe kaisahau. Nembo, picha zilizosafishwa, matangazo ya mwaka mzima, vyote vimebaki humo. Hela ya kila mwezi ilikuwa inatoka kwangu, lakini kwa wenye programu mteja wao ni yeye.

Idd ile niliuza kwa picha zenye kivuli cha mkono wangu. Mauzo yalishuka, nikaelewa.

Ichukulie kama fremu ya duka. Ukilipia programu hujanunua jengo, umepanga. Mkataba una jina, una muda, na unasema watu wangapi wanaruhusiwa kuingia. Je, ungekubali mkataba wa fremu yako uandikwe jina la mfanyakazi?

Baada ya pale nikafanya haya:

1. Nilifungua daftari. Kila programu ina mstari wake: jina, kazi yake, imesajiliwa kwa barua pepe gani, nani anaitumia, bei na tarehe ya kulipia. Siku hiyohiyo nikagundua nalipia akaunti tatu za programu moja, na mbili hazina mtumiaji! Malipo yanakatwa kwenye kadi kimyakimya, tena kwa dola. Nikazifuta.

2. Nilifungua barua pepe ya biashara. Kila kitu kinasajiliwa humo, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina langu. Mfanyakazi namwalika kama mtumiaji, simkabidhi umiliki.

3. Nahesabu watu kabla ya kulipia. Leseni ya mtu mmoja ni ya mtu mmoja. Mkigawana paswedi watano, akaunti inaweza kufungwa katikati ya msimu. Na wakati mwingine huhitaji kulipa kabisa: WhatsApp Business ni bure, na unaweza kuunganisha vifaa vingine hadi vinne kwenye namba moja. Achana na zile WhatsApp za kuchakachua, namba yako ya biashara inaweza kufungiwa.

4. Niliachana na programu za kraki. Tunajua fundi anavyokuwekea kila kitu kwa elfu kumi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu ya kompyuta kama inavyolinda kitabu, na ofisi inayosimamia ni COSOTA. Ila hata kabla ya sheria kuna hatari ya virusi: faili la wateja na madeni likifungwa, utamdai nani? Kwa barua na mahesabu mimi natumia LibreOffice, ni bure hata kwa biashara. Na ukinunua kompyuta used, uliza ina Windows ipi. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hakikisha mashine inaweza kupokea Windows 11.

5. Mtu akiondoka, daftari linafunguliwa. Kabla sijamlipa hela yake ya mwisho tunakaa wote wawili: namtoa kwenye kila akaunti, tunabadilisha paswedi, tunaagana kwa amani. Siyo kumshuku mtu. Hata yeye inamlinda, kesho kitu kikipotea hatatajwa.

Kila tarehe 1 napitia daftari dakika kumi tu: kipi kinaisha mwezi huu, kipi hatukitumii.

Sasa kabla hujarudi kwenye oda zako, fungua akaunti yako ya matangazo uangalie imesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Kama siyo yako, ibadilishe leo, mfanyakazi akiwa bado yupo dukani na simu yake ipo mkononi.

Yaliyokukuta wewe tuandikie hapo chini, na umtumie mwenzako mwenye wafanyakazi.