Gedi: Mji Unaosomeka Bila Kitabu

Tembea uone, walinena wahenga. Wapo watu wanaofunga safari za ng'ambo, wakavuka bahari ili wauone mji mmoja tu wa kale. Sisi wa Adu tunao wa kwetu, nao ni wa kwenda na kurudi siku moja. Huo ni Gedi, yapata kilomita 16 kusini mwa Malindi. Nilikwenda huko peke yangu wakati wa likizo. Wapenzi wasomaji, katika somo hili nataka tujifunze namna ya kuusoma mji ambao wenyeji wake hawapo tena kutusimulia.

Safari yenyewe
Anayetoka Adu sharti arauke. Niliondoka alfajiri, tukavuka daraja la Sabaki jua likiwa limeshapanda, na mjini Malindi nikaingia matatu ya kuelekea Mombasa. "Gede washuke!" utingo akaita, nami nikashuka na kushika njia kwa miguu. Kwenda peke yangu kulikuwa kwa makusudi. Ukiwa na wenzako, mtapiga soga na kucheka kima walio juu ya miti. Ukiwa pekee, hebu utamwuliza nani isipokuwa ukuta?

Soma kuta
Magofu ya Gedi yamo ndani ya msitu. Yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa nje unazunguka eneo la ekari 45 hivi, na ndani yake upo ukuta wa pili. Humo ndani ndimo mlimo msikiti mkuu, jumba la mtawala na nyumba za wakwasi. Baina ya kuta hizo mbili waliishi wengi wa raia, katika nyumba za miti na udongo ambazo hazikuacha magofu. Basi tusidhani kwamba kilichobaki ndicho kilichokuwapo chote.

Lipo pia kaburi lililochorwa tarehe: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladi. Nilisimama hapo kitambo. Miaka 99 kamili kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwaka 1498, hapa palikuwa na watu walioandika, wakahesabu miaka na kuzikana kwa heshima.

Soma vyombo
Mwanaakiolojia James Kirkman alichimbua mji huu kuanzia mwaka 1948 hadi 1958. Nyumba alizipa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: ipo Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, na nyingine ya sarafu za Kichina. Zilipatikana sahani za Uchina na shanga za Venice. Mwaka 1954 Kirkman alitoa kitabu ambacho katika jina lake Gedi uliitwa mji wa Kiarabu.

Hapa ndipo penye kesi, wasomaji. Je, mwenye sahani ya Kichina ni Mchina? La hasha! Miongoni mwa vigae vilivyofukuliwa vimo tele vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa pwani. Aidha, uchimbuzi wa Shanga katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980, ulionyesha mji ulioanza na nyumba za miti na udongo katika karne ya 8, ndipo baadaye ukapata za mawe. Miji yetu ilimea hapa hapa. Bahari iliwaletea wageni, na baadhi yao wakaoa na kulowea.

Soma maneno
Sisi wanachama wa Kiswahili tunao ushahidi mwingine, nao hauhitaji jembe. Chukua maneno ya mji wenyewe. Nyumba, mlango na kisima ni ya Kibantu. Hata Wabemba wa Zambia kisima wanakiita icishima. Msikiti, sahani na mkasi yametoka Kiarabu. Unaona mpangilio? Mwili wa mji una majina ya hapa, na kilicholetwa na dini au biashara kikaja na jina lake. Lugha yetu na Gedi ni mapacha: anayesema mmoja ni wa kigeni kwa sababu ya alivyovikopa, na amwambie mwenye shati la mtumba kwamba si mtoto wa mamake.

Soma kisima
Mwanzoni mwa karne ya 17 Gedi ulikuwa umehamwa. Kwa nini? Wataalamu wametaja mengi: Wazimba waliopita pwani wakipigana mwaka 1589, Waoromo walioshuka kutoka kaskazini, na kuhama kwa mtawala wa Malindi na Wareno kwenda Mombasa katika miaka ya 1590. Lakini ipo sababu ambayo mtu wa Adu haelezwi mara mbili. Kisima kilicho karibu na msikiti mkuu kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, kwani maji yalikuwa yakikimbia.

Nilichungulia kisima hicho nikayakumbuka madumu ya nyumbani, yanavyopangwa foleni wakati wa kiangazi. Adui huzuiwa kwa ukuta, na Gedi ulikuwa na kuta mbili. Kiu haizuiwi kwa ukuta. Sahani za Uchina zilibaki, wenye kuzilia wakaenda zao.

Hitimisho
Mwezi wa Julai 2024 Gedi uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ulimwengu umekwisha kuutambua. Itakuwa aibu sisi wa jirani tuusikie redioni tu. Nenda, ndugu msomaji, tena nenda na daftari. Tazama alichonacho mgeni, lakini uliza pia mwenyeji alikunywa wapi.

Maswali ya kudurusu
1. Taja aina nne za ushahidi zilizotumika katika somo hili.
2. Kwa nini nyumba za raia wengi wa Gedi hazionekani leo?
3. Orodhesha maneno kumi ya nyumbani kwenu, uyatenge ya Kibantu na ya kukopwa.
4. Waulize wazee: ni kijiji gani cha karibu nawe kilichohama kwa ajili ya maji? Andika insha.